Ua la Kanga na Wenzake: Matunguu Yapendayo Ardhi ya Majimaji

Katika mazungumzo haya twapenda kueleza habari za maua fulani ya nchi za baridi, ambayo yakiisha kupandwa mara moja katika ardhi yenye unyevu, hukaa hapo mwaka kwa mwaka, yakaongezeka yenyewe bila kupandwa tena. Huenda msomaji akauliza, "Maua ya Uingereza na ya Marekani yatufaa nini sisi tulimao mahindi na muhogo?" Twajibu kwamba yatufaa kwa njia mbili. Kwanza, yatufundisha jinsi mmea unavyojiwekea akiba, na jinsi mkulima anavyopaswa kuufuata udongo wake badala ya kushindana nao. Pili, ndani ya habari za maua haya mna habari za watu: sheria za malisho, chakula cha kabila zima, hata vita vilivyopiganwa kwa ajili ya bonde la matunguu. Atakayesoma hata mwisho ataona kwamba mahali panapoonekana kuwa pori tupu, mara nyingi pana wenyewe, na pana kazi ya mikono ya watu.

TUNGUU NI NINI?

Twaa kitunguu cha jikoni, ukikate toka juu hata chini. Utaona magamba manene yaliyofunikana moja juu ya jingine. Chini kabisa utaona kipande kigumu kama kisahani, ndipo itokapo mizizi. Na katikati utaona chipukizi changa kimelala. Yale magamba ni majani yaliyogeuka kuwa ghala. Majani ya juu hufanya chakula kwa nuru ya jua, hukishusha chini kikawekwe katika magamba, kisha hunyauka. Hapo mmea waonekana kuwa umekufa, kumbe umelala tu, na akiba yake i tayari chini ya udongo. Kitu cha namna hii, kiwe cha kuliwa au cha maua, katika maelezo haya tutakiita tunguu.

Faida ya ghala hili yaonekana sana katika nchi zenye baridi kali. Huko Uingereza, toka Desemba hata Februari miti mingi haina majani, na nyasi hazikui. Mwezi wa Machi jua laanza kupata nguvu, na majira ya kuchipua yameingia. Mmea utokao katika mbegu ndogo hauna budi kuanza pole pole, lakini mmea wenye tunguu waamka mara moja, kwa kuwa chakula chake kilikwisha kuwekwa tangu mwaka jana. Hutoa majani na maua wakati nyasi zingali fupi na miti haijatia kivuli. Hata katika nchi zetu twaliona jambo hili: mvua za kwanza zinaponyesha, hutokea ardhini ua jekundu la mviringo kama tufe, mahali ambapo jana hapakuwa na kitu. Ua lile nalo lina tunguu lake chini.

KWA NINI MATUNGUU MENGI HUOZA

Watu wengi wa Ulaya hupanda tulipu katika bustani zao, nao wenye udongo wa majimaji husikitika wakiona kwamba mwaka wa pili hayatoki. Sababu yake si uvivu wao. Asili ya tulipu nyingi ni milima ya Asia ya Kati, ambako wakati wa joto udongo hukauka kabisa, na tunguu hulala katika ukavu huo kama nafaka ghalani. Likipandwa mahali penye maji, hukosa hewa. Kwa maana yapasa tujue kwamba mizizi na matunguu nayo huvuta pumzi. Katika udongo mwema mna vijitundu vingi vilivyojaa hewa. Maji yakivijaza vyote na kukaa, tunguu hudhoofika, ukungu huingia, na kuoza kwaanza.

Basi yafaa mwenye bustani afanye nini? Wengine huchimba mitaro, huleta mchanga na kokoto kwa gharama kubwa, na baada ya kazi hiyo yote udongo hurudia hali yake. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Njia iliyo rahisi ni kutafuta mimea ambayo kwao hasa ni mabonde na kingo za mito, ikapandwa hapo penye maji.

Hata hivyo kuna tofauti kati ya unyevu na maji yaliyotuama. Ili kuijua, chimba shimo la kina cha futi moja, ulijaze maji, uliache hata kesho yake. Maji yakiwa yamekwisha kunywea, udongo huo ni wa unyevu mwema. Yakiwa bado yamesimama, na udongo wa chini una rangi ya kijivu na harufu mbaya, ujue kwamba hewa haimo, na ni mimea michache sana itakayovumilia hapo.

UA LA KANGA

La kwanza katika maua tutakayoyaeleza ni lile ambalo wataalamu huliita Fritillaria meleagris. Shina lake ni jembamba, urefu wake kama inchi 8 hata 12, na juu yake huinama ua moja lenye umbo la kengele. Ajabu yake ni rangi yake: ni ya zambarau, nayo imegawanyika katika viraba vidogo, cheusi na cheupe, kama ubao wa mchezo wa dama. Mengine huwa meupe kabisa. Huchanua mwezi wa Aprili na mwanzo wa Mei.

Jina lile la meleagris maana yake ni kanga, yule ndege tumjuaye wa porini mwetu mwenye madoa meupe. Linnaeus aliandika jina hilo katika kitabu chake cha mwaka wa 1753, lakini hata kabla yake, katika mwaka wa 1597, Mwingereza John Gerard aliliita ua hili kwa jina la kanga katika kitabu chake cha mimea. Hivyo ndege wa Afrika amelipa jina ua la mabonde ya Ulaya, kama vile, wasemavyo watu wengi, alivyozipa jina kanga wanazovaa mama zetu. Sisi tutaliita ua la kanga.

Tunguu la ua la kanga ni dogo, nalo halina ganda kavu la nje kama kitunguu. Ndiyo sababu haliwezi kuvumilia ukavu. Likiachwa dukani au rafuni kwa majuma mengi, hunyauka likafa. Mwenye kulinunua alipande siku ile ile alipatapo. Ikiwa lazima angoje, na alifunike katika mchanga wenye unyevu kidogo.

Wageni wa ua hili ni nyuki wakubwa wanene wenye manyoya. Malkia wao huruka mapema kuliko wadudu wengi, hata siku za baridi, nao huingia ndani ya kengele kutafuta asali. Baadaye shina lililokuwa limeinama husimama wima, na kibumba cha mbegu hukauka kikapasuka, mbegu zikaanguka. Toka mbegu hata ua la kwanza ni miaka minne au mitano, na mara nyingine zaidi. Kwa hiyo apandaye ua la kanga hana budi kuwa na subira.

BONDE LENYE SHERIA

Karibu na mji mdogo wa Cricklade, katika jimbo la Wiltshire, pana bonde liitwalo North Meadow, kati ya mto Thames na mto Churn. Ukubwa wake ni kama hekta 44. Wataalamu husema kwamba maua ya kanga yaotayo mwituni katika Uingereza, sehemu kubwa kabisa, yapata 80 katika kila 100, yamo katika bonde hili moja. Mwezi wa Aprili watu hutoka mbali kuja kuyatazama.

Je, kwa nini yamebaki hapa na kutoweka kwingine? Jibu lake ni sheria ya malisho. Tangu zamani nyasi za bonde hili zilikuwa mali ya watu mbalimbali, kila mmoja na fungu lake lililotiwa alama ya mawe. Zamani na sasa, nyasi hukatwa mwezi wa Julai, baada ya mbegu za maua kuanguka, nazo huchukuliwa zikawe chakula cha ng'ombe. Kisha toka tarehe 12 Agosti bonde huwa la watu wote wa mji, nao huleta wanyama wao kulisha hata tarehe 12 Februari. Siku hiyo wanyama huondolewa, na matunguu yaamka bila kukanyagwa. Wakati wa baridi mito hufurika na kuacha tope lenye rutuba.

Tazama jinsi mambo hayo yanavyofuatana. Nyasi zikikatwa mapema, mbegu hazijakomaa. Zisipokatwa kabisa, huwa nene, zikaufunika udongo, mbegu zikakosa mahali pa kuota. Zikikatwa na kuachwa pale pale, huoza, na rutuba huzidi hata nyasi zenye nguvu zikayasonga maua. Na wanyama waingiao baada ya mavuno huzikandamiza mbegu katika udongo kwa kwato zao. Katika mji wa Oxford, chuo cha Magdalen kina bonde la namna hii, na kulungu wa chuo huzuiwa wasiingie mpaka mbegu ziwe zimekwisha kukomaa. Basi ua hili ambalo watu huliita la mwitu, kwa kweli hulindwa na kalenda ya wakulima.

Kwingineko kalenda hiyo ilivunjika. Wakati wa vita ya 1939 hata 1945, na miaka iliyofuata, mabonde mengi yalikaushwa kwa mitaro yakalimwa, maana watu walihitaji nafaka. Yahesabiwa kwamba kati ya miaka ya 1930 na ya 1980, Uingereza na Wales zilipoteza kama 97 katika kila 100 ya mabonde yao ya maua. Hatuwalaumu wenye njaa. Lakini bonde lililochukua mamia ya miaka kufanyika liliharibika kwa siku moja ya plau, wala pesa haiwezi kulirudisha upesi. North Meadow lilifanywa hifadhi ya taifa katika mwaka wa 1973, na tangu sheria ya mwaka wa 1981 ni marufuku kung'oa mmea wa mwitu bila ruhusa ya mwenye ardhi. Mpenda bustani na anunue matunguu yaliyokuzwa shambani.

YUNGIYUNGI LA MTO LODDON

Ua la pili ni Leucojum aestivum. Wenyeji huliita yungiyungi la Loddon, kwa jina la mto uingiao katika Thames, ambako huota kingoni kati ya matete na miti ya majimaji. Urefu wake hufika futi moja na nusu au mbili. Kila shina hubeba kengele nyeupe, tatu hata nane, na kila ncha ya ua ina doa la kijani. Hili ndilo lenye kuvumilia maji kuliko wenzake. Hata udongo ulioshindwa katika jaribio letu la shimo, huenda likastawi hapo.

Mbegu zake husafiri kwa maji. Vibumba vyake vina hewa ndani, basi mafuriko yakivichukua, huelea kama mashua ndogo hata vikwame mahali pengine kando ya mto, na huko mmea mpya waanza. Tena tunguu lenyewe huzaa vitunguu vidogo ubavuni, hata baada ya miaka michache penye tunguu moja pana kichaka kizima.

Ua hili lina faida nyingine. Katika Bulgaria wataalamu waligundua kutoka katika mimea ya jamaa hii dawa iitwayo galantamini, ambayo waganga huwapa wazee waliopatwa na ugonjwa wa kusahau. Lakini mtu asije akadhani kwamba tunguu lafaa kutafunwa. Lina sumu, na vivyo hivyo tunguu la ua la kanga. Kazi ya kutoa dawa katika sumu ni ya wenye mizani na vyombo vya kupimia.

KWAMASHI, UA LILILOKUWA CHAKULA

Ua la tatu latoka mbali, pande za magharibi ya kaskazini ya Marekani. Jina lake la elimu ni Camassia quamash. Sisi tutaliita kwamashi. Maua yake ni ya buluu, yenye ncha sita kama nyota, nayo hupangana juu ya shina. Lapenda bonde lililojaa maji wakati wa kuchipua, hata kama bonde hilo litakauka wakati wa joto. Msafiri Meriwether Lewis, alipoliona bonde la kwamashi mwezi wa Juni 1806, aliandika kwamba kwa mbali lafanana na ziwa la maji safi.

Mwezi wa Septemba 1805 Lewis na mwenziwe Clark walishuka kutoka milimani pamoja na watu wao, wamechoka na njaa imewashika. Watu wa kabila la Nez Perce wakawalisha samaki wakavu na matunguu ya kwamashi. Wageni wakala kwa pupa, na wengi wao wakaugua tumbo siku kadhaa. Hata hivyo ukarimu ule uliwaokoa.

Wenyeji walikuwa na ustadi wao wa kulipika. Walichimba shimo, wakaweka mawe yaliyotiwa moto, wakapanga matunguu kati ya majani, wakafukia kwa udongo, wakaacha siku moja hata tatu. Tunguu bichi lina wanga wa namna ambayo tumbo haliwezi kuusaga vema. Joto la polepole huugeuza kuwa sukari, na tunguu jeupe hutoka jeusi na tamu. Wanawake ndio waliokuwa mabingwa wa kazi hii. Walichimba makubwa, wakayarudisha madogo ardhini yakue. Na kwa kuwa huota pamoja nalo mmea mwingine wenye tunguu la kufanana na sumu ya kuua, waliutambua kwa maua yake ya rangi ya maziwa wakati wa kuchanua, wakaung'oa. Wageni waliopita waliona pori. Mama wale waliona shamba.

Kwa kutokufahamu jambo hilo yalitokea maafa. Katika mwaka wa 1868 kabila la Bannock lilifanya mapatano na serikali ya Marekani, likaahidiwa sehemu ya bonde la kwamashi lililo kusini ya Idaho. Lakini mwandishi aliandika "Kansas" mahali pa jina la bonde, ambalo ni Camas. Kosa la neno moja! Walowezi wakaleta ng'ombe, farasi na nguruwe. Na nguruwe, kama ajuavyo kila mtu, hufukua. Matunguu yakaliwa, na posho waliyopewa Wabannock haikutosha. Mwaka wa 1878 vita vikazuka. Chifu wao Buffalo Horn akauawa, watu wengi wakafa pande zote mbili, na Wabannock wakashindwa.

JINSI YA KUPANDA NA KUTUNZA

Sasa tueleze kazi yenyewe, kama ifanyikavyo katika nchi za baridi. Katika joto la pwani yetu maua haya hayatastawi, kwa kuwa matunguu yake yahitaji majuma mengi ya baridi kabla ya kuchanua. Lakini kanuni zake zafaa kujulikana.

1. Panda mwezi wa Septemba au Oktoba, ili mizizi ishike kabla ya baridi kuu.

2. Kina cha shimo ni kama inchi 4 kwa ua la kanga na yungiyungi la Loddon, na 4 au 5 kwa kwamashi. Asiye na kipimo na akumbuke: mara tatu ya urefu wa tunguu lenyewe. Kati ya ua la kanga na jingine acha inchi 3 au 4. Hayo mengine yape inchi 6.

3. Usipande kwa mistari kama mahindi. Twaa matunguu mkononi, uyarushe polepole juu ya nyasi zilizokatwa fupi, upande kila moja pale lilipoanguka. William Robinson, aliyeandika habari za bustani za namna hii mwaka wa 1870, aliwafundisha Waingereza kwamba maua yapandwayo katika nyasi yasionyeshe alama ya kamba.

4. Tia mboji iliyooza vema, wala si samadi mbichi. Samadi huzipa nguvu nyasi, nazo huyasonga maua.

5. Maua yakiisha, usiyakate majani wala kuyafunga mafundo. Wengi huona majani yanayogeuka manjano kuwa ni uchafu. Lakini huo ndio wakati wa kujaza ghala. Yaache kwa majuma sita, au mpaka yanyauke yenyewe. Akataye majani mabichi ameiba akiba ya mwaka ujao.

6. Usikate nyasi mpaka mbegu zianguke, yaani mwezi wa Julai. Kisha kata, na zote uziondoe.

7. Usiweke matunguu ya maua karibu na vitunguu vya jikoni, wala usimwachie mtoto ayachezee, kwa ajili ya ile sumu tuliyoitaja.

MAFUNDISHO YAKE

Tumeeleza maua matatu, na kila moja limetuonyesha jambo. Ua la kanga latuonyesha kwamba siku ya kukata na siku ya kufungia ng'ombe zaweza kuhifadhi uzuri kwa mamia ya miaka. Yungiyungi la Loddon latuonyesha kwamba mahali palipoharibu matunguu mengi huenda pakawa nyumba ya lingine. Na kwamashi latuonyesha hatari ya kuliita pori shamba la mwingine, kabla ya kuuliza nani alichimbaye na kwa desturi gani.

Kwa hiyo twawaomba wanafunzi, hasa wanaojifunza kazi ya ualimu, wafanye hivi. Mvua zitakapoanza, nendeni kwenye bonde la majimaji lililo karibu na kijiji chenu, mtazame ni mimea gani itokayo kwanza. Chimbeni mmoja kwa ruhusa ya mwenye bonde, mtazame kama una tunguu, kisha mrudishieni udongo wake. Halafu waulizeni wazee: mmea huu waitwaje, una sumu au wafaa nini, na zamani ng'ombe waliingizwa hapa mwezi gani? Andikeni majibu yao katika daftari, na jina la bonde mliandike sawasawa.